Mama ananiomba radhi kwa mimba ya miaka 46 iliyopita

SWALI

Shikamoo Mama Mkunga.

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, baba wa watoto watatu, na ni kifungua mimba kwa mama yangu. Nina presha tangu nikiwa na miaka 38, na mwaka jana nikaambiwa sukari nayo imepanda. Sivuti sigara, pombe sijawahi kuionja, na mwili wangu si mnene. Miezi mitatu iliyopita nilikwenda kwa daktari mpya. Akaniuliza maswali mengi, na la mwisho likawa hili: "Ulizaliwa na kilo ngapi?"

Sikujua. Mama alikuwa amenisindikiza, akajibu kabla sijafungua mdomo: "Mbili kasoro kidogo. Na miezi yake ilikuwa imetimia." Daktari akaandika, akasema kwamba mtu aliyezaliwa mdogo namna hiyo huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha na kisukari ukubwani, kwa sababu ya aliyoyapitia tumboni. Alisema kwa upole tu, kisha akaendelea na mambo ya dawa. Mimi nilisikia, nikapita. Mama hakupita.

Tangu siku hiyo hana raha. Kila nikienda kumwona ananiomba radhi. Wiki iliyopita nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika paketi ya vidonge niliyoisahau kwake, anapitisha kidole gumba juu ya kimoja kimoja kama anayehesabu. Akaniambia, "Hivi vyote nakumezesha mimi." Nilikosa la kusema. Nikamjibu, "Mama, mimi nimeshakusamehe," nikidhani namfariji. Akalia zaidi.

Ninachokijua kuhusu mimba ile ni kidogo. Baba alikuwa ameachishwa kazi. Mama alitapika hadi mwezi wa sita, kisha akatafuta kibarua cha kusimama kutwa, akakifanya mpaka wiki ya kujifungua. Anasema nilipozaliwa mwili wangu ulikuwa hauachi kupoa, basi akanifunga kifuani pake, ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo zake, mchana na usiku kwa majuma sita.

Sasa binti yangu mkubwa ni mjamzito wa miezi mitano. Anafanya kazi kiwandani, anasimama saa tisa kwa siku, na msimamizi amemnyima hata kiti. Mumewe anavuta sigara humo humo ndani. Mke wangu naye, tangu asikie maneno ya daktari, anampigia simu kila jioni kumwonya: usihuzunike, usikasirike, usiwaze sana. Majuzi binti aliniandikia hivi: "Baba, naogopa hata kulia, mtoto asije akaharibika."

Naomba unisaidie. Daktari yule alisema kweli? Mama nimwambie nini? Na binti nimsaidieje bila kumtia hofu?

Ni mimi, Kifungua Mimba.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile neno ulilomwambia mama: "nimeshakusamehe". Kalirudishe. Najua lilitoka kwa mapenzi, lakini anayesamehewa ni aliyekosa, na mama yako alichosikia ni kwamba kosa lipo na wewe unalitambua. Nitarudi hapo. Kwanza nimalize la daktari, maana huwezi kumtuliza mama kwa kumwambia daktari amekosea. Hakukosea.

Jambo hili lilikuja kujulikana kwa njia ninayoipenda mimi niliyeshika mizani ya watoto wachanga kwa zaidi ya miaka thelathini: kwa madaftari ya wakunga. Mwaka 1911, katika jimbo la Hertfordshire huko Uingereza, mama mmoja aitwaye Ethel Margaret Burnside alisimamia kazi ya wakunga na wauguzi waliokuwa wakimpima mtoto uzito anapozaliwa, wakimfuata nyumbani, wakimpima tena anapotimiza mwaka. Yote yakaandikwa kwa mkono. Miongo mingi baadaye, daktari David Barker wa Southampton na wenzake waliyapata madaftari hayo, wakafuatilia wanaume zaidi ya 5,600 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930 kujua nani yu hai na nani amekufa kwa ugonjwa gani. Matokeo yalitoka mwaka 1989. Waliokuwa na uzito mdogo zaidi, hasa walipotimiza mwaka mmoja, ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Kabla ya hapo maradhi ya moyo yalihesabiwa kuwa matunda ya maisha ya utu uzima tu: ulivyokula, ulivyovuta sigara, ulivyokaa bila kutembea. Wengi waliyapinga maneno ya Barker kwa miaka, lakini nchi baada ya nchi mwelekeo ule ule ukaonekana.

Inakuwaje? Chukua figo zako. Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyosafisha damu. Vyote hutengenezwa tumboni, na kazi hiyo huisha karibu na wiki ya 36. Baada ya hapo hakiongezeki hata kimoja mpaka mtu anakufa. Mmoja huzaliwa na laki mbili na kitu katika kila figo, mwingine na zaidi ya milioni. Mimba inapobanwa, damu nzuri hupelekwa kwanza kwenye ubongo wa mtoto, na viungo vingine, figo na kongosho vikiwemo, hupunjwa. Mtoto anaokoka, anakua, anakimbia na wenzake, na hakuna anayejua kwamba vichujio vichache vinabeba kazi ya vingi. Miaka inapokwenda, presha inapanda. Kongosho nalo ndilo linalotoa insulini, kwa hiyo sukari unayoiona leo inaweza kuwa na historia ya namna hiyo hiyo. Mwulize daktari wako kama amekupima figo kwa damu na kwa mkojo. Kama bado, omba.

Hata hivyo sikiliza vizuri neno alilotumia: uwezekano. Katika makundi makubwa ya watu, tofauti ya presha inayotokana na uzito wa kuzaliwa ni ndogo, ni vipimo vichache tu kwenye mashine. Urithi wa ukoo una sehemu yake, umri una sehemu yake, usingizi una sehemu yake. Hakuna daktari anayeweza kukutazama wewe mmoja akasema presha yako hii imetoka kwenye mwezi fulani wa mimba fulani. Mama yako amechukua mwelekeo wa maelfu ya watu akajivika peke yake.

Na mwelekeo wenyewe hugeuka. Mji wa Leningrad huko Urusi ulizingirwa katika Vita Kuu ya Pili kwa siku 872, tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, na njaa yake iliua watu wengi mno. Watafiti walipowapima, miaka ya 1990, watu waliokuwa tumboni wakati wa mzingiro, hawakukuta kisukari kimezidi kama walivyotarajia. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watoto wale walikulia katika uhaba ule ule, hawakunenepa ghafla. Kule Helsinki, Finland, wataalamu waliofuatilia watu waliozaliwa miaka ya 1934 hadi 1944 walikuta hatari zaidi kwa mtoto aliyezaliwa mdogo, akawa mwembamba hadi miaka miwili, kisha uzito ukapanda kwa kasi utotoni. Kwa hiyo yanayofuata baada ya kuzaliwa nayo yana uzito wake, na yale ya utu uzima pia. Wewe huvuti, hunywi, hujanenepa. Pengine ndiyo sababu presha ilisubiri hadi miaka 38. Meza dawa zako bila kuruka hata siku moja, na usizisahau tena nyumbani kwa mama.

Sasa niseme juu ya lawama, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Majira ya baridi ya 1944 na 1945, magharibi mwa Uholanzi kulikuwa na njaa. Wafanyakazi wa reli walikuwa wamegoma, jeshi la Ujerumani lililoikalia nchi likazuia chakula kupita, na mifereji ikaganda kwa barafu. Mgao wa mtu mzima ukashuka hadi kati ya kalori 400 na 800 kwa siku. Wanawake walikuwa wajawazito katika njaa hiyo, na kwa kuwa ilianza na kuisha kwa tarehe zinazojulikana, watafiti waliweza kuwafuatilia watoto wao mpaka uzeeni. Waliokuwa tumboni wakati ule walikuwa na shida zaidi ya sukari ukubwani. Wale ambao mimba zao zilikuwa changa kabisa walikuwa na maradhi ya moyo zaidi, ingawa wengi wao walizaliwa na uzito wa kawaida, maana njaa ilikwisha mama zao wakapata kula kabla ya kujifungua. Mwaka 2008 ikaonekana pia kwamba, miaka sitini baadaye, baadhi ya jeni zao, yaani maagizo ya urithi yaliyomo mwilini, zilikuwa na alama za kikemia tofauti na za ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuipitia njaa. Herufi za jeni ni zile zile. Kilichobadilika ni namna zinavyowashwa na kuzimwa.

Nani leo atasimama mbele ya mama mmoja wa Amsterdam amwambie, "Umemwumiza mwanao"? Hakuna. Kila mtu anaona vita, anaona waliofunga njia. Sasa mtazame mama yako. Mume hana kazi. Tumbo halikai na chakula miezi sita. Anasimama kutwa kwa sababu asiposimama hakuna mkate wa nyumba nzima. Nani alimnyima? Kwake yeye hakuna jeshi la kuonyesha kwa kidole, kwa hiyo amejionyesha mwenyewe.

Ukitaka kufuata lawama, ifuate mpaka mwisho. Mayai yote ya mwanamke huumbwa angali tumboni mwa mama yake. Katikati ya mimba ya mtoto wa kike huwa yamefika milioni sita au saba, kisha yanapungua. Yai ulilotoka wewe lilianza ndani ya mama yako akiwa bado tumboni mwa bibi yako. Tumlaumu bibi, kwa shida za enzi zake? Na mama wa bibi je? Utafika kwa mtu ambaye hata jina lake hakuna anayelikumbuka, naye utamkuta amebeba mzigo kichwani na mimba tumboni.

Nakiri kwako jambo. Nilipokuwa mkunga kijana nilimpima mtoto wa kilo moja na gramu mia tisa, nikamgeukia mama yake nikamwambia, "Hukula vizuri wewe." Aliufungua mdomo kama anayetaka kujibu, kisha akaufunga, akapokea mtoto wake kwa mikono miwili. Sikumwuliza alikuwa akiishi na nani. Sikumwuliza alikuwa na nini cha kula. Nilikuwa na miaka 24 na daftari, nikaona nimesema ukweli. Nimewapima maelfu baada yake na uso ule bado ninao.

Kwa hiyo kwa mama yako fanya hivi. Nenda siku ambayo huna haraka. Mwambie: "Mama, nilikosea kusema nimekusamehe. Hakuna cha kusamehe. Nataka unisimulie mimba yangu." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie, usimwambie asahau. Mwulize nani alikuwa naye, nani alimsaidia, nani alimpita. Mwulize hasa habari ya zile wiki sita. Mama yako hakufundishwa na mtu kukufunga kifuani. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu na wakati ule ule, madaktari wa Bogotá huko Kolombia walianza kuwalaza watoto wadogo vifuani mwa mama zao kwa sababu vyombo vya kuwatia joto havikutosha. Leo hiyo inaitwa njia ya kangaruu, na Shirika la Afya Duniani linaitaka kwa watoto wanaozaliwa njiti au wenye uzito pungufu kwa sababu inaokoa maisha yao. Mwambie hivyo. Mwambie kwamba alichokifanya peke yake usiku ule sasa kinafundishwa kwa wakunga. Anahesabu vidonge, ahesabu na hizo siku 42.

Tuje kwa binti.

Mke wako aache zile simu. Nasema kwa heshima, najua naye anaogopa. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachozima sehemu kubwa ya homoni ya msongo wa mama kabla haijamfikia mtoto. Kulia jioni moja, kukasirikia msimamizi, kuhuzunika wiki nzima, hakuharibu mtoto. Kinachostahili kuangaliwa ni mateso mazito yasiyokoma: kupigwa, njaa, kunyimwa usingizi miezi na miezi, huzuni inayomfanya mtu ashindwe kuamka. Akifika huko anahitaji tiba na mtu wa kukaa naye. Onyo la kwenye simu halitamponya. Mwandikie leo hii kwamba ruhusa ya kulia anayo.

Kiti ni jambo zito kuliko machozi. Kusimama kwa saa nyingi kumehusishwa na kujifungua mapema na watoto wadogo, na kiti si hisani. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mjamzito asilazimishwe kufanya kazi iliyothibitika kuwa na hatari kwake au kwa mtoto, na apewe likizo isiyopungua wiki 14. Si nchi zote zimeuridhia, kwa hiyo mwulize afisa wa kazi au chama cha wafanyakazi sheria yenu inasemaje. Aombe barua kliniki inayosema akae, apumzike kwa vipindi, asinyanyue vizito. Msimamizi ni rahisi kumkatalia msichana, karatasi yenye muhuri ni ngumu zaidi. Kama yeye anaogopa kuipeleka, wewe baba yake mpeleke mpaka mlangoni.

Mkwe wako aongee na wewe, mwanamume kwa mwanamume. Moshi anaoupuliza humo ndani unapita kwenye mapafu ya mkewe, unafika kwenye kondo, unapunguza oksijeni ya mtoto. Scotland ilipopiga marufuku sigara katika maeneo ya umma yaliyofungwa mwaka 2006, watoto waliozaliwa kabla ya wakati na waliozaliwa wadogo walipungua. Sheria moja, na wajawazito hawakuhubiriwa lolote. Akishindwa kuacha leo, leo hii avutie nje, na aombe msaada wa kuacha. Kwa Kiswahili tunasema kulea mimba, na mimba hailelewi na aliyeibeba peke yake.

Kliniki, asiruke. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mjamzito aonwe mara nane. Wampime presha na wingi wa damu kila inapopasa, mkojo pia, na kati ya wiki ya 24 na 28 aulizie kipimo cha sukari, hasa kwa kuwa babu wa mtoto, yaani wewe, unacho kisukari. Vidonge vya madini ya chuma na foliki ameze kama alivyoelekezwa. Pombe, hata kidogo, hapana. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso kuvimba ghafla, damu kutoka, mtoto kupunguza kucheza: haya hayasubiri asubuhi, aende hospitali saa ile ile. Na kama ana wadogo wa kike wanaofikiria kuzaa, waanze foliki kabla ya kushika mimba, kwa sababu mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga karibu na siku ya 28 tangu mimba kutunga, wakati wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Utafiti wa 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi, foliki ilizuia karibu robo tatu ya hali hiyo kujirudia. Marekani ikaagiza itiwe kwenye unga kuanzia 1998, ikamfikia na yule asiyejua kusoma kibandiko.

Kuna watu watakuambia haya ni mambo ya chumbani. Mtafiti wa uchumi Douglas Almond alichunguza Wamarekani waliokuwa tumboni wakati wa homa kuu ya mafua ya 1918. Mwaka 2006 akatoa matokeo: walipokua walikuwa na elimu pungufu, kipato pungufu, na ulemavu zaidi kuliko waliozaliwa muda mfupi kabla au baada yao. Miezi michache ya ugonjwa kwa mama ilionekana kwenye mishahara ya watu wazima miaka hamsini baadaye. Kwa hiyo mtu anayemnyima mjamzito kiti ana deni kwa nchi nzima.

Jambo la mwisho, nalo ndilo ninalotamani ulifanye kabla ya yote. Wakutanishe mama yako na binti yako. Wote wawili wamesimama kutwa na mimba, mmoja wakati ule, mmoja sasa. Mwulize mama mbele ya mjukuu wake: "Ulipokuwa na mimba yangu, ulitamani nani akufanyie nini?" Andika kila atakachosema, hata kiwe kidogo, hata kiwe ni kuletewa maji ya kunawa miguu. Kisha mgawane kazi hizo: wewe, mke wako, mkwe wako.

Kuhusu kiti, mkinunue wenyewe wiki hii ikiwa barua itachelewa. Kisha niandikie msimamizi amesema nini.